Mayai ya Kwenye Daftari

Mpaka leo nikimsikia mtu mzima akiwalaumu vijana kwamba hawajui kula, natamani kumtapikia kwenye viatu. Juzi mjukuu wangu alikuja na karatasi kutoka shuleni, imechapwa kwa rangi, inaeleza kijana wa umri wake anatakiwa kula nini asubuhi, mchana na jioni. Samaki, mayai, maziwa, matunda, mboga za majani. Akaniuliza, "Bibi, nyinyi enzi zenu mlikuwa mnakula hivi?" Nikamjibu kwamba tulikula hivyo hasa, tena mimi ndiye niliyeandika. Akacheka, akaenda zake kucheza.

Nilisoma katika shule ya bweni ya wasichana nje ya mji wa Bukoba, miaka ile ya ujamaa, mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi. Shule yenyewe sitaitaja. Kwetu ni Nshamba, ambako baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la mtu. Nilifika bwenini nikiwa na miaka kumi na minne, na maisha yangu yote nilikuwa nimelelewa kwa ndizi. Mama alizipika chungu kimoja na maharage, akafunika kwa majani ya mgomba, akaacha moto ufanye kazi yake. Hizo ebitoke ndizo tulizoziita chakula. Kingine chochote ulichokula mchana kutwa, hata kikujaze mpaka shingoni, jioni ungesema hujala.

Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo anapewa ugali wa unga wa njano wa msaada. Unga ule ulinuka gunia lililolowa likakaukia juani, likalowa tena. Ulikuwa na uchungu mwishoni, ule uchungu unaobaki kooni hata ukinywa maji. Na maharage! Kila punje ilikuwa na tundu, na kila tundu lilikuwa na mwenyewe. Wadudu walielea juu ya mchuzi, weusi, wamevimba kwa kuchemshwa. Wengine kati yetu tuliwatoa mmoja mmoja na kuwapanga ukingoni mwa sahani, wengine walifumba macho wakameza. Mpishi wetu, mzee mwenye kikohozi kisichoisha, alitupitia mezani akatuambia, "Nyama hiyo, wanangu. Nyingine mtaipata wapi?" Alisema hivyo kila siku, na kila siku alijichekea mwenyewe.

Kwa hiyo hatukula. Au tulikula, lakini sivyo watu wazima walivyodhani. Msichana wa umri ule ana njaa ya ajabu, na akikataa kilichoko kwenye sahani atatafuta kwingine, na huko kwingine nimeona mambo ambayo hata sasa yananitia kichefuchefu. Tulilamba maziwa ya unga makavu kutoka kwenye kiganja mpaka ulimi ukagandana na kaakaa, kisha tukashindana mbio kwenda chooni. Tulitafuna mchele mbichi. Tulikula mapera mabichi yaliyotufunga tumbo wiki nzima. Kulikuwa na msichana aliyechanganya majani ya chai na sukari akayatafuna kama ng'ombe, huku mate ya kahawia yakimtiririka kidevuni, na wengine tulimzunguka tukimwomba atugawie. Mimi pia niliomba. Sisemi haya ili nionekane msafi.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha msichana wa Kishanda. Tulikuwa tukipanda basi moja kutoka upande wa Muleba, masanduku yetu yamefungwa pamoja juu, na kufikia mwaka wa pili watu walituona kuwa ndugu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kichwa cha hesabu kilichotutia wote wivu. Katika ukoo wao hakuna msichana aliyewahi kuvuka darasa la saba. Baba yake, mkulima wa kahawa, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili, alimruhusu kuendelea kwa sharti moja, na sharti hilo alinieleza mwenyewe tukiwa ndani ya basi. "Taata amesema siku nitakayoleta aibu nyumbani, shule imekwisha. Hataki kusikia sababu." Alitaka kuwa mwalimu wa hesabu. Hakuwa na ndoto nyingine ya akiba.

Basi huyu, ugali haukupita. Aliweka tonge mdomoni, machozi yakamtoka, shingo ikakataa. Aliishi kwa kahawa ya kutafuna, ile ya kwetu, buni zilizochemshwa na majani ya harufu zikaanikwa, ambazo mgeni hupewa kabla ya mazungumzo. Mama yake alimfungia kwenye kitambaa kila muhula. Aliweka buni moja shavuni asubuhi, nyingine saa nne, na njaa ikanyamaza. Kahawa ilipokwisha alihamia kwenye udongo. Kulikuwa na ukingo wa kijivu karibu na kisima cha shule, udongo laini, na aliuvunja vipande akavificha mfukoni mwa sketi. Nilikuwa nikipiga magoti kando yake wakati wa sala ya jioni nikasikia mchanga ukisagika kwenye meno yake katikati ya Salamu Maria. Nywele zilinisimama kwa kinyaa. Nilimwambia aache, akaniambia, "Nikiacha, nitakula nini?"

Ukutani mwa darasa la sayansi kimu palikuwa na chati. Vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Palichorwa familia imeketi mezani, mashavu yamejaa, na mbele ya binti wa familia hiyo, msichana wa umri wetu, palikuwa na glasi ya maziwa, samaki mzima, chungwa, na yai limesimamishwa ndani ya kikombe kidogo. Yai lile tulilitazama miaka miwili. Shule ilikuwa na banda la kuku kwa ajili ya kujitegemea, na sisi ndio tuliozoa mavi ya kuku hao kwa zamu, yakatuingia kwenye kucha na harufu yake ikaenda nasi mpaka kitandani. Mayai yalipelekwa kwenye nyumba za walimu.

Lakini nisiseme uongo mwingine hapa. Hata kama tungepewa, wengi wetu tusingekula. Kwetu msichana hali yai. Hali kuku. Senene, wale panzi wa msimu, wakianguka, sisi na mama zetu ndio tuliowakamata, tukawanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikanata mafuta, tukawakaanga kwa chumvi, kisha sahani ikaenda kwa baba na kaka. Bibi yangu alisema anayekula mayai hatazaa. Shangazi alisema ni ulafi, unameza kuku kabla hajawa kuku. Mimi niliamini moyoni kwamba mayai yalikuwa machache na wanaume waliyapenda, basi. Hata hivyo nililelewa hivyo, na nilipomwona msichana wa mjini, wa zile familia za Kiislamu zenye asili ya pwani, akilimenya yai la kuchemsha alilotoka nalo kwao na kuliuma katikati, niligeuza uso. Yeye alinishangaa mimi.

Mwalimu wetu wa sayansi kimu alitoka mkoa mwingine na hakujua neno hata moja la Kihaya. Alikuwa mtu wa usafi, viatu vyake vilimeremeta, na alipenda daftari lenye mistari iliyonyooka. Muhula mmoja alitutangazia kwamba wageni watakuja kutoka mkoani kukagua namna shule zinavyotekeleza mafunzo ya lishe. Akataka kumbukumbu za mwezi mzima, ukurasa mmoja kwa kila msichana wa darasa letu, zikionyesha amekula nini, ili zilinganishwe na chati. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hivyo akanipa kazi hiyo na kuniita kiranja wa lishe. Aliniondoa pia kwenye zamu ya banda la kuku. Kwa hilo la mwisho ningemfanyia kazi yoyote duniani.

Wiki ya kwanza niliandika ukweli. Nilizunguka na daftari, nikauliza, nikatazama, nikaandika. Ukurasa wa rafiki yangu ninaukumbuka neno kwa neno: "Asubuhi, uji nusu kikombe. Saa nne, kahawa ya kutafuna, mbili. Mchana, ugali matonge mawili, maharage kidogo, wadudu wametolewa. Jioni, hakula. Baada ya jioni, udongo, kipande cha ukubwa wa kidole gumba." Nilijivunia neno hilo la kidole gumba. Niliona ni sayansi.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Alifika kwenye udongo akarudia kusoma.

"Udongo? Umeandika udongo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ndicho alichokula."

"Wageni watoke mkoani waje kusoma habari za udongo na wadudu?"

"Lakini Mwalimu ulisema tuandike wanachokula."

Alichana ukurasa, taratibu, kwa kufuata rula, asiharibu daftari. Kisha akaninyooshea kidole ukutani. "Chati unaiona? Hicho ndicho kijana anachotakiwa kula. Kaa chini unakili."

Nikakaa, nikanakili. Na hapa ndipo ninapojichukia hasa, kwa sababu nilifurahia. Kwa mchana mzima nilikuwa mwenye ghala. Niligawa samaki, niligawa machungwa, niligawa maziwa mabichi kwa watu ambao mchana ule ule walikuwa wakitoa wadudu kwenye maharage. Msichana aliyewahi kuniibia sabuni nilimwandikia kabichi mwezi mzima. Wengi niliwapa yai mara moja moja, kufuata chati, pasipo kufikiri. Nilipofika kwenye ukurasa wa rafiki yangu nilitazama mikono yake aliyoilaza juu ya dawati, myembamba, kucha nyeupe, na nikamwonea huruma. Nikampa yai Jumatatu. Nikampa Jumanne. Nikampa siku zote tano mpaka Ijumaa, wiki zote nne, na maziwa juu yake, na nyama Jumapili. Hakuna msichana katika darasa lile aliyekula vizuri kama yeye. Nilipomaliza nilihisi nimemtendea wema.

Wageni walikuja na gari la serikali. Walipewa kuku wa kukaanga. Walifungua daftari huku vidole vyao vinang'aa mafuta, wakaacha alama za mafuta kwenye kurasa zangu, wakasema kwamba wasichana hawa wana bahati na kwamba taifa linajengwa kwa watu wenye afya. Mmoja aliuliza mwandiko ni wa nani, nikasimama, wakanipigia makofi. Rafiki yangu naye alipiga makofi. Walisema watakuja kulichukua daftari ili shule nyingine zijifunze, na mwalimu alitabasamu siku nzima.

Wiki haikuisha, rafiki yangu akaanguka. Tulikuwa shambani tunapalilia migomba ya shule, asubuhi, jua halijawa kali. Aliinama, akainuka, akaniambia kwamba haoni, kisha akaenda chini kwa ubavu. Tulimbeba wanne mpaka chumba cha wagonjwa, na hakuwa na uzito. Mimi nilibaki kushika beseni.

Nesi wa shule alikuwa mama wa makamo, Mhaya kama sisi, mwenye wajukuu, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alimfunua kope akatazama ndani. "Hana damu huyu," alisema. "Anakula nini?"

Mwalimu wa sayansi kimu, ambaye aliitwa kwa kuwa ni wa zamu, alishtuka kana kwamba ametukanwa. "Haiwezekani. Huyu ndiye anayekula vizuri kuliko wote." Akaagiza yai lichemshwe haraka, akalimenya mwenyewe, akamwekea rafiki yangu mdomoni. Rafiki yangu alinitazama. Kukataa amri ya mwalimu kulikuwa kosa, na yeye hakuwahi kuwa na kosa hata moja. Akalitafuna. Niliona kiini cha njano kikimkauka kwenye midomo, niliona koo likipanda na kushuka, na kabla hajamaliza yai lilirudi lote ndani ya beseni langu, pamoja na maji meusi ya kahawa na tope la kijivu. Harufu yake ilikuwa ya kiberiti na kisima. Nilitapika nami humo humo.

Nesi alichungulia kwenye beseni. Kisha akaomba hilo daftari linalosifiwa. Mwalimu alilileta kwa mikono miwili. Nesi aliweka kidole chake kwenye ukurasa akashuka nacho mstari kwa mstari, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na uso wake ukabadilika nikiwa namtazama.

"Mwalimu, wewe si wa hapa," alisema. "Ngoja nikueleze. Mimi nina wajukuu sita na sijalionja yai. Msichana wa Kishanda, wa nyumba ya sala, anakula yai kila siku bila kuona haya? Mwanamke wa kwetu akianza kutamani yai, ujue ana mimba. Hapo hutamani hata mkaa. Na huu udongo ninaouona hapa ni wa nini?"

Akamgeukia rafiki yangu, akamsemesha Kihaya kwa sauti ya chini, sauti ya mama. "Mwana wange, siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

"Miezi mitatu iliyopita, mawe," alimjibu, yaani mama. Ilikuwa kweli. Wengi wetu damu ilikuwa imekoma, tuliliona kuwa nafuu, maana vitambaa vilikuwa shida. Hakuna aliyejua kwamba ni njaa.

"Na mayai?"

"Sijawahi kula yai, mawe. Hili la leo ndilo la kwanza."

"Daftari linasema umekula ishirini."

Rafiki yangu hakujua daftari linasema hivyo. Nilimwona akilitafuta jambo hilo kichwani, kwa ile akili yake ya hesabu, kisha akapata jibu. Aligeuza kichwa juu ya mto akanitazama. Alingoja. Mimi nilikuwa nimeshika beseni lenye matapishi yake na yangu, mwalimu amesimama nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Ilikuwa zamu yangu kusema na ningeweza kusema kwa maneno manne tu. Nikatoka kwenda kumwaga beseni.

Niliporudi nesi alikuwa amekwisha kumbonyeza tumbo. "Ipo," alikuwa anamwambia mwalimu. "Changa bado, lakini ipo."

Barua iliandikwa siku ile ile. Wakati ule mambo hayo hayakuwa na mjadala. Msichana mwenye mimba alifungasha, kwisha. Nilikwenda kwa mwalimu nyumbani kwake mchana. Nilimkuta anapiga pasi.

"Mwalimu, yale mayai ni ya uongo. Wewe unajua."

Hakuweka pasi chini. "Daftari ni la mkoa sasa, gari linakuja kulichukua kesho. Mwandiko uliomo ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi kama ni uongo, mwongo ni nani?" Akageuza gauni upande wa pili. "Na nesi ametumia mikono yake, hakutumia daftari peke yake. Nenda darasani."

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Nataka hilo lijulikane, nilikwenda, mpaka mlangoni. Alikuwa mezani, anakula chakula cha mchana. Mbele yake kulikuwa na sahani ya mayai ya kukaanga na nyanya, mayai ya lile banda, na kiini kilikuwa kimempasukia kwenye uma kikining'inia. Akaniuliza huku anatafuna, "Nini?" Nikatazama ule uzi wa njano ukitoka kwenye uma kwenda kidevuni kwake. Nikafikiria baba yangu na cherehani yake, na namna alivyowaambia watu wote wa barazani kwamba binti yake ni kiranja. Nikasema nimekuja kuomba chaki. Akanipa.

Rafiki yangu aliondoka asubuhi iliyofuata. Sanduku lake halikufungwa na langu safari hii. Hakunitukana na hakunililia. Alinipa kile kitambaa cha kahawa, zimebaki buni tano au sita, akaniambia nizitumie kwa kuwa nyumbani atapata nyingine. Nilizitupa chooni. Nisingeweza kuziweka mdomoni.

Muhula uliisha, ukaja mwingine, nikajizuia kwenda Kishanda. Likizo ya pili nilishindwa kujizuia. Kutoka Nshamba nilitembea kwa miguu asubuhi nzima, katikati ya migomba na mibuni, nikifanya hesabu kwenye vidole. Kama mimba ingekuwepo, mtoto angekuwa amekwisha kuzaliwa. Nilijua hayupo. Nilijiambia kwamba sasa wote wameona hayupo, baba yake ameona, na kwamba mimi nitapiga magoti mbele ya mzee yule niseme yote, na atamrudisha shule, hata kama ni shule nyingine. Nilikuwa nimeyapanga maneno.

Mama yake alinipokea uani, akanipa kigoda. Baba alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa kijiji. Niliuliza habari za rafiki yangu.

"Hayupo hapa, mwana wange. Aliolewa wiki ile ile aliyorudi."

"Wiki ile ile?"

"Barua ilisomwa na katekista, maana taata wake Kiswahili cha barua hakijui. Katekista akijua, kanisa lote limejua. Mzee akasema tumbo halitaonekana ndani ya nyumba yake. Kuna mtu ng'ambo ya bonde, alifiwa na mke. Alikubali kumchukua na mzigo wake." Aliendelea kuchambua maharage, anarusha mabovu kwa kuku. "Mzigo wenyewe ukawa haupo. Sasa nyumba ya mume wake wanasema aliutoa. Wewe ulikuwa naye huko shuleni. Mzigo ulikuwepo au haukuwepo?"

"Haukuwepo, mawe."

"Mimi nilijua," alisema. "Nilimwogesha siku aliyorudi. Nilimwambia mzee. Akasema waliosoma wameandika."

Nilivuka bonde. Nilimkuta rafiki yangu nyuma ya nyumba, ameketi kwenye jani la mgomba, anamenya ndizi kwa haraka ile ya mtu anayepikia watu wengi. Nilitegemea kumwona amekonda. Alikuwa amenenepa. Mashavu yake yalijaa, kucha zake zilikuwa na rangi, meno yake meupe kabisa. Alikuwa amerudi kula ndizi na maharage ya nyumbani, na mwili wake, ambao haukuwa na ugonjwa wowote ila njaa, ulikuwa umepona. Lile lilinichukiza kuliko yote niliyoyaona bwenini. Ndiyo, lilinichukiza, afya yake ilinichukiza, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo.

Nilipiga magoti nikamwambia, "Mimi ndiye niliyeandika."

"Najua," alisema. "Nani mwingine angenipa mayai matano kwa wiki?" Alisema bila kejeli. Aliuliza niliwapa wengine mangapi, nikamwambia, na lile la msichana wa sabuni na kabichi likamchekesha mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye utomvu. Kisha akauliza darasa limefika wapi kwenye hesabu. Nikamweleza. Akauliza swali moja, gumu, ambalo sikuweza kulijibu, akachora kwa ncha ya kisu kwenye udongo ili anionyeshe, kisha akafuta kwa kiganja kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja.

Nilimwambia nimekuja kumweleza baba yake, kwamba nitasema kila kitu, kwamba bado hajachelewa, wasichana wengine wamewahi kurudi. Aliendelea kumenya mpaka ndizi aliyoishika ikaisha. Halafu akaichukua mikono yangu, akaiweka juu ya tumbo lake, chini kidogo ya kitovu, akaibana pale kwa nguvu. Chini ya kanga palikuwa pagumu na pa mviringo.

"Ukirudi shuleni," alisema, "mwambie nesi sasa ipo."